Tatizo liko kichwani, mbona mnakata mgongoni?

Hili swali nimeshaulizwa na wazazi wengi mno na kila nikiulizwa nafurahi, maana ndo swali lenyewe hasa. Mimi ni mtu wa mazoezi tiba, fizio kama wengi wanavyotuita, na kazi yangu ni watoto wenye mtindio wa ubongo, hasa wale ambao miguu imekakamaa, wanatembea kwa vidole, magoti yanasuguana, mguu unapishana mbele ya mwenzake. Sasa mzazi ameshaambiwa miaka yote kwamba miguu ya mwanao haina shida, mgongo hauna shida, kilichoumia ni ubongo, kipindi cha kuzaliwa au kabla. Sawa, amekubali, ameshalia na amemaliza. Afu siku moja daktari wa upasuaji anamwambia kuna operesheni, tunafungua mgongo wa mtoto tunakata baadhi ya mizizi ya neva. Mama anageuka ananiangalia mimi, we si ulisema ni ubongo?

Nilisema, na bado nasema. Ila ukielewa ishara zinavyopita kati ya ubongo na uti wa mgongo (nikisema uti wa mgongo namaanisha ile neva kubwa laini iliyo ndani, sio mifupa, mifupa nitaiita pingili) utaona operesheni hii ina akili yake, na la muhimu zaidi utajua nini cha kuitegemea na nini usiitegemee hata kidogo. Madaktari wanaiita rizotomia teule ya mizizi ya nyuma, kwa kifupi SDR, na mimi nitaiita hivyo hivyo SDR.

Tuanzie mguuni. Namlaza mtoto chali, namnyooshea goti, nashika kisigino kwa mkono mmoja, halafu nausukuma unyayo kuelekea juu, taratibu kabisa. Unakuja. Unakuja vizuri tu, na mara nyingi unafika mbali kuliko mzazi alivyotegemea. Narudisha chini. Safari ya pili nasukuma kwa kasi, na katikati ya njia unagoma, tak, nauhisi kabisa kwenye kiganja, na kwa watoto wengine nikiubana palepale unaanza kudunda wenyewe, du du du du du, mtoto mwenyewe anacheka maana sio yeye anayefanya, na nisipouachia unaendelea. Mguu ni uleule, msuli ni uleule, nilichobadilisha ni spidi tu. Daktari James Lance wa Australia mwaka 1980 alipoandika maana ya hali hii, ambayo watu wanaitumia mpaka leo, aliweka spidi hapo katikati: msuli unajibu kuvutwa kupita kiasi, na kadiri unavyovutwa kwa kasi ndivyo unavyojibu zaidi. Kitu kinachogoma hata ukisukuma polepole ni habari nyingine, huo ni msuli au kano ambayo imeshakuwa fupi, na nitarudi kwake kwa sababu ndo unaowavunja moyo watu baada ya operesheni.

Kwa nini spidi? Ndani ya msuli kuna vihisio vidogo vimelala sambamba na nyuzi za msuli, kazi yake ni kupima msuli unavutwa kiasi gani na kwa haraka kiasi gani. Ukivutwa ghafla vinapeleka ripoti kupitia nyuzi nene za neva, ambazo ni kati ya zile zenye kasi kuliko zote mwilini, ripoti inaingia kwenye uti wa mgongo kupitia mizizi ya nyuma, na humo ndani inakutana moja kwa moja na seli zinazoamuru msuli uleule ujikaze, amri inatokea mizizi ya mbele inarudi mguuni. Ubongo haujaulizwa kitu. Kwa mtu mzima, ukichochea neva nyuma ya goti kwa umeme kidogo, safari ya kupanda mpaka mgongoni na kurudi kwenye shavu la mguu inachukua kama milisekunde 30 tu. Ndo refleksi ileile daktari anayoitafuta akikugonga chini ya goti na kale kanyundo.

Basi mbona sisi wengine hatudundi kila tukishuka ngazi? Kwa sababu ubongo muda wote, hata ukiwa umekaa hufikirii chochote, unatuma maelekezo ya kutuliza ule mzunguko. Zipo njia zinazoshuka kutoka gamba la ubongo na nyingine kutoka shina la ubongo, na sehemu kubwa ya nyuzi hizo haziendi kwa seli za msuli moja kwa moja, zinaishia kwa seli za kati kwenye uti wa mgongo ambazo kazi yake ni kuzuia: hizi zinazuia ripoti ya vihisio isiingie yote, zile zinahakikisha msuli wa mbele ukifanya kazi wa nyuma unaachia. Hata kujirudia tu kwa ripoti kunaipunguza nguvu. Ukichochea neva mara kadhaa mfululizo, kwa mtu wa kawaida jibu la msuli linafifia kila mara, lakini kwa mwenye mkakamao halififii inavyotakiwa. Yaani jeraha liko kichwani lakini huku chini nako tabia zimeshabadilika.

Na kwa nini miguu zaidi kuliko mikono? Hasa kwa watoto njiti. Katikati ya ubongo kuna vyumba vya maji, na kando ya vyumba hivyo kuna sehemu nyeupe ambayo kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ni dhaifu mno, damu ikipungua kidogo au maambukizi yakipita inaumia. Nyuzi zinazoshuka kwenda miguuni zinapita karibu zaidi na vyumba vile, za mikononi ziko mbali kidogo, za usoni mbali zaidi. Kwa hiyo jeraha dogo pale linachukua miguu kwanza, mtoto akili yake iko vizuri, anaongea anakuchekesha, mikono inashika kalamu, ila miguu ndo hiyo.

Kuna kitu kingine wazazi wengi wanakikumbuka wenyewe ukiwauliza: mtoto hakuzaliwa amekakamaa. Wengi walikuwa wamelegea, hata shingo ilichelewa, ukakamavu ukaja polepole miezi mingi baadae. Hii inawachanganya, wanadhani kuna kitu walifanya au walichelewa kufanya. Hapana jamani. Mtoto yeyote mchanga, hata mzima kabisa, refleksi zake ziko wazi sana, ukigonga msuli mmoja mpaka wa jirani na wa upande wa pili inajibu. Kadiri njia za kutoka ubongoni zinavyokomaa ndivyo zinavyochonga ule mzunguko, kila ripoti inabaki na msuli wake. Njia zikiumia kabla ya kumaliza kazi hiyo, uti wa mgongo unabaki na mazoea ya utotoni, halafu mtoto anakua, misuli inapata nguvu, na yale mazoea yanaanza kuonekana kama ukakamavu.

Mfano ninaowapa wazazi ni huu. Fikiria mtu amesimama mlangoni ananong'ona maelekezo, na ndani ya chumba wamefungulia redio mpaka mwisho. Anayenong'ona ni ubongo, redio ni zile ripoti za misuli zinazoingia bila kuchujwa. SDR haimpi yule wa mlangoni sauti kubwa zaidi. Inapunguza redio. Hiyo tu, na kila kitu kingine kwenye hii operesheni, kizuri na kibaya, kinatokana na hapo.

Wazo lenyewe sio la juzi. Mwaka 1898 Charles Sherrington, yule Mwingereza aliyekuja kupata Nobel mwaka 1932, alikuwa na paka ambao shina la ubongo limetenganishwa na ubongo wa juu, miguu ikakakamaa kabisa, akakata mizizi ya nyuma ya neva zinazotoka mguuni na ukakamavu ukaisha palepale. Miaka kumi baadae, 1908, Otfrid Foerster kule Breslau (siku hizi ni Wrocław, Polandi) akaanza kuwafanyia watu. Alikata mizizi mizima mizima, ingawa alikuwa makini, aliuacha makusudi mmoja wa kiunoni ili mgonjwa asipoteze uwezo wa kunyoosha goti. Ukakamavu ulipungua kweli. Lakini ukikata mizizi mizima ya nyuma unakata na hisia, mtu hajui mguu wake uko wapi.

Na hapa kuna jambo ambalo kwangu ndo moyo wa stori nzima. Mwaka 1895, kabla hata ya wale paka, daktari Frederick Mott na huyohuyo Sherrington walikata mizizi yote ya nyuma ya mkono mmoja wa nyani. Njia ya amri kutoka ubongoni hawakuigusa, ilikuwa nzima kabisa. Mnyama akaacha kuutumia ule mkono, unaning'inia tu. Fikiria hilo kidogo. Amri inaweza kwenda, misuli iko fiti, lakini ubongo usipopata habari ya kurudi ni kama kiungo hakipo. (Miaka mingi baadae Edward Taub alionyesha kwamba ukiufunga ule mkono mzima nyani analazimika kuutumia huu mwingine, na kutoka hapo ndo ikaja ile tiba ya kumfunga mtoto mkono wenye nguvu ili mdhaifu ufanye kazi. Sisi mafizio tunaishi kwa hiyo tiba, lakini tuiache hapo.) Kwa hiyo ripoti zinazopanda zikizidi ni tatizo na zikiisha ni tatizo kubwa zaidi. Swali la watu wote waliofuata lilikuwa moja: zikatwe ngapi, na zipi?

Claude Gros wa Montpellier, Ufaransa, miaka ya 1960, alianza kuugawa kila mzizi kuwa vijizizi na kukata sehemu tu. Miaka ya 1970 Victor Fasano wa Turin, Italia, akaongeza umeme, unachochea kila kijizizi unaona misuli inajibuje ndipo uamue. Halafu Warwick Peacock, hospitali ya watoto ya Red Cross War Memorial pale Cape Town, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akahamisha operesheni ikawa chini zaidi mgongoni, mahali uti wa mgongo umeshaisha na mizizi inashuka yenyewe, hapo unaweza kuutambua kila mmoja unatoka wapi na hasa kuwa mbali na ile ya kibofu na haja. Akaja kuhamia Marekani na operesheni ikasambaa naye. T. S. Park wa St. Louis akaipunguzia ukubwa, badala ya kufungua pingili nyingi anafungua moja tu, pale uti wa mgongo unapoishia. Vituo vingine bado vinafungua nyingi, na kila upande unajitetea.

Chumba cha operesheni kikoje? Mtoto amelala kifudifudi, amelala usingizi wa dawa lakini dawa ya kulegeza misuli hawampi wakati wa kupima, kwa sababu misuli ndo inatakiwa ijibu. Sindano nyembamba za EMG, kipimo kinachosoma umeme wa misuli, ziko kwenye misuli ya mapaja, nyuma ya mapaja, mbele na nyuma ya mguu, na kwenye msuli wa kufunga haja kubwa. Daktari kwanza anatenganisha mizizi ya mbele na ya nyuma, hapo hakuna mchezo, ya mbele ndo inabeba amri, ukikata hiyo umempoozesha mtoto. Ule wa nyuma anaugawa vijizizi, kimoja kimoja anakibeba juu ya ncha mbili za chuma anakipitishia umeme, mapigo 50 kwa sekunde, kwa sekunde moja. Kwenye skrini mistari inaruka. Kijizizi kimoja kinatikisa msuli wake mara moja kinanyamaza. Kingine kinawasha misuli yote ya mguu ule na inaendelea kutetemeka, mara unaona mpaka mistari ya mguu wa pili nayo inaruka. Wanavipa alama, kuanzia 0 mpaka 4, na vile vyenye alama za juu ndo vinakatwa, baadhi vinaachwa kila mzizi ili hisia zibaki. Vituo vinatofautiana sana kwa kiasi, kuna wanaokata robo hivi na kuna wanaofika theluthi mbili.

Hapo nina la kusema. Ile alama inaonekana ya kisayansi sana lakini wapo watafiti walioonyesha kwamba kijizizi kilekile ukikichochea mara mbili kinaweza kukupa majibu tofauti, na kwamba hata mtu asiye na mkakamao anaweza kutoa jibu la ajabu. Kwa hiyo mzazi akiambiwa tunakata neva mbaya tunaacha nzuri, hiyo ni lugha ya kurahisisha. Hakuna neva mbaya pale. Vihisio vya mtoto ni vizima na ripoti zake ni za kweli, kilichoharibika ni upokeaji wake. Tunapunguza idadi ya ripoti zinazoingia, na umeme unasaidia kujua tupunguze wapi na tusiguse wapi. Kwa upande wa kutogusa naukubali umeme kwa asilimia zote, maana unalinda kibofu.

Sasa baada ya hapo. Kule chini mabadiliko ni ya papo hapo, na huwa yanawashangaza hata wanaojua. Ule mdundo wa kifundo cha mguu umeisha. Ukiusukuma unyayo kwa kasi unakuja. Wakipima ile refleksi kwa umeme jibu la msuli limeshuka sana ukilinganisha na kabla. Seli zinazoamuru misuli zilikuwa zimeshachangamka kupita kiasi, zinahitaji kichokoo kidogo tu zilipuke, sasa vichokoo vimepungua na zimetulia. Na kwa vile ripoti ya msuli wa nyuma ilikuwa inawasha mpaka ya jirani, kupungua kwake kunafanya misuli inayopingana iache kujikaza kwa pamoja, mtoto akitaka kupiga hatua msuli wa mbele unapata nafasi.

Halafu mzazi anamsimamisha mtoto na miguu inakunjika. Hapa ndo simu zinaanza kupigwa, operesheni imemharibu mtoto, alikuwa anasimama sasa hasimami. Mtoto hajapoteza nguvu kwenye ile operesheni, njia ya amri haikuguswa. Ila nguvu ya kweli, ile inayotoka ubongoni, ilikuwa ndogo tangu mwanzo, na ukakamavu ulikuwa unaifunika. Alikuwa anasimamia refleksi. Sasa refleksi imeondoka kimebaki kile ambacho ubongo unaweza kutuma, na kazi yetu ni kuanzia hapo, kukaa, kutambaa, kupiga magoti, kusimama, misuli ya nyonga hasa ile ya pembeni ambayo haijawahi kufanya kazi ipasavyo. Mazoezi ya miezi mingi, karibu kila siku mwanzoni. Familia ambayo haina namna ya kupata mazoezi hayo, maoni yangu ni heri ingoje, maana operesheni bila mazoezi inaweza kumwacha mtoto mlegevu badala ya mkakamavu na hiyo sio hatua mbele.

Kuna na nyayo. Wiki za mwanzo watoto wengi nyayo zinakuwa na hisia za ajabu, soksi inamuudhi, ukimgusa anavuta mguu. Ni ubongo unapokea habari tofauti na ulizozizoea na unajipanga upya. Tunasugua kwa vitambaa vya aina aina, laini kwanza, na kwa wengi inapita.

Sasa kule juu, na hapa ndo pananivutia zaidi. Wamekata mizizi ya kiunoni, ya miguu. Lakini wazazi, na ripoti za vituo vingi pia, wanasema mkono umekuwa mwepesi, anashika kijiko vizuri, wengine wanasema anaongea vizuri zaidi au mate yamepungua. Inawezekanaje?

Maelezo yapo ya aina mbili na nadhani yote yana ukweli. La kwanza ni la neva zenyewe. Ripoti za misuli ya miguu haziishii kiunoni, zinapanda mpaka shina la ubongo, mpaka serebela, ule ubongo mdogo wa nyuma, mpaka gamba la ubongo, na ndani ya uti wa mgongo kuna seli zinazounganisha miguu na mikono, ndo maana ukitembea mikono inabembea bila kuifikiria. Kwenye ile ile operesheni, baadhi ya vijizizi ukivichochea jibu linaonekana mpaka mkononi. Ukipunguza ripoti za chini unapunguza mchafuko unaopanda. La pili ni la kawaida kabisa: mtoto ambaye nyonga zake hazimsukumi nyuma anakaa wima, na akikaa wima mikono inakuwa huru, haina kazi ya kumshikilia asianguke, pumzi inakaa vizuri, sauti inatoka. Mimi kwa ninavyoona kwenye mkeka, hili la pili linabeba mzigo mkubwa kuliko watu wanavyolipa sifa. Kwa vyovyote, usimpeleke mtoto SDR kwa ajili ya mikono au maongezi. Ikija shukuru.

Ambacho hakibadiliki ni zile nyuzi zilizoumia kandokando ya vyumba vya maji. Hazioti upya kwa kukata mizizi mgongoni. Uwezo wa kukunja kifundo cha mguu peke yake bila goti na nyonga kufuata, ambao unatokana na nyuzi hizo, unaongezeka kidogo tu kama unaongezeka. Usawa wa mwili nao ni hivyo hivyo. Ndo maana uchaguzi wa mtoto ni nusu ya kazi, lazima awe na kitu cha kutosha kinachotoka ubongoni, vinginevyo umezima redio na mlangoni hakuna mtu.

Ushahidi unasemaje? Majaribio matatu ya miaka ya 1990, ya Vancouver, Toronto na Seattle, yaligawa watoto kwa bahati nasibu, hawa SDR na mazoezi, hawa mazoezi peke yake. Vancouver na Toronto waliona tofauti kwenye utembeaji na mambo ya kujimudu, Seattle ukakamavu ulipungua lakini kujimudu hakukuwa na tofauti. Mwaka 2002 wakayaunganisha yote, watoto 90, na waliofanyiwa SDR walikuwa mbele kwa kama alama 4 kwenye GMFM, kipimo cha alama 100 cha jinsi mtoto anavyoumudu mwili wake. Alama 4. Kuna mtu atasema ni kidogo na kuna mzazi ambaye alama 4 ni mtoto kuingia chooni mwenyewe, inategemea alama hizo zimeangukia wapi. Uingereza nao walijaribu kwa mpango maalumu, watoto 137 kwenye hospitali tano, wakawafuatilia miaka miwili, na kuanzia 2018 huduma ya afya ya serikali England ikakubali kulipia, kwa watoto wa miaka 3 mpaka 9 wanaotembea kwa shida au kwa vifaa, wale wa ngazi ya pili na ya tatu kati ya ngazi tano tunazopangia uwezo wa mtoto kutembea. Na kundi la Cape Town lilifuatiliwa mpaka miaka 20 baadae kwenye maabara ya kutembea, magoti yalikuwa bado yanakunjuka vizuri kuliko kabla ya operesheni.

Ule msuli mfupi niliosema nitaurudia, wenyewe hausikii habari ya neva. Mtoto mwenye miaka tisa ambaye kano ya kisigino imeshafupika, au mfupa wa paja umeshajipinda, atatoka SDR na kano ileile na mfupa uleule, na atahitaji daktari wa mifupa. Kwa mtoto mdogo SDR inaweza kumpunguzia safari hizo lakini haizifuti zote.

Kuna operesheni nyingine ya neva naitaja kwa sababu inafanya kinyume, yenyewe inagusa njia ya amri. Hospitali ya Huashan, Shanghai, kwa watu ambao upande mmoja wa ubongo umeumia na mkono wa upande wa pili umekakamaa, walichukua neva ya shingo namba saba kutoka upande mzima wakaivusha mpaka upande uliopooza. Matokeo yalitoka 2018, watu 36, nusu operesheni na mazoezi, nusu mazoezi tu, umri kuanzia miaka 12. Baada ya mwaka mmoja waliopandikizwa waliongeza wastani wa alama 17.7 kwenye kipimo cha uwezo wa mkono cha alama 66, wenzao 2.6, na vipimo vikaonyesha nusu ya ubongo iliyo nzima sasa inaongea na mkono wa upande wake. Cha kuchekesha ni kwamba ukakamavu ulianza kupungua mapema mno, kabla neva mpya haijaota kufika popote, na sababu wanayoipa ni ileile, walipoikata ile neva upande uliokakamaa walikata na ripoti zake zinazopanda. Sherrington na paka wake tena.

Mwisho kuna suala la distonia, na ningeomba kila mzazi aliulize kabla ya kusaini. Kuna watoto ambao kinachowakunja sio refleksi ya kuvutwa, ni amri zilizovurugika kutoka ndani kabisa ya ubongo, kwenye viini vya chini vinavyopanga mwendo. Mguu wa huyo unajipinda akitaka kuongea, akifurahi, akiogopa, na akilala usingizi unalegea kabisa, na nikiusukuma kwa kasi au polepole tofauti ni ndogo. Huyo ukimkata mizizi ya nyuma umepunguza kitu ambacho hakikuwa shida yake, distonia inabaki na saa ingine ndo inaonekana zaidi kwa vile ukakamavu uliokuwa unaizuia umeondoka. Wengi wana vyote viwili kwa vipimo tofauti, na kuvitenganisha kunahitaji kumwona mtoto zaidi ya mara moja, akiwa anacheza, akiwa amelala, na picha ya MRI inayoonyesha jeraha limekaa wapi. Kwa watoto wa namna hiyo mara nyingi mazungumzo yanahamia kwenye pampu ya baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, inayodondoshea dawa hiyo kwenye maji ya uti wa mgongo, ambayo dozi yake unaweza kupandisha, kushusha au kuizima kabisa ukiona haifai. Kijizizi kikishakatwa hakiungwi.